Mashine Tatu Katika Jiko la Mama Mkwe

Ijumaa, 18 Juni

Daftari jipya. Si jipya kabisa: ni rejista ya shule aliyobakiza Raushan, mke wangu, mwalimu wa hesabu. Amenipa leo baada ya chakula cha mchana na kutangaza kwamba kuanzia sasa habari za mashine ni marufuku mezani. Nikizidiwa niziandike humu. Na kila nikiandika nitaje jambo la kushukuru, maana anasema nalalamika mpaka chai inapoa. Namshukuru. Mistari ya rejista imenyooka vizuri.

Basi. Nina mashine tatu za kuchimba bitkoini, zile pesa za mtandaoni. Ziko kwenye jiko la nje la mama mkwe, Biken, ambaye ua ni wake na nyumba ni yake. Hapa kijijini Tasbulak mwanamume anayeishi kwao mkewe huitwa mkwe kitoto cha mbwa. Nimeitwa hivyo miaka ishirini na mbili. Kitoto cha mbwa cha miaka arobaini na sita, chenye mvi. Sijali. Jiko lina kuta nene za udongo, dirisha la upande wa kivuli, na waya mnene wa umeme uliovutwa kwa ajili ya jiko lake la umeme. Mashine hazingepata makao bora. Mama mkwe tangu Mei anakausha jibini lake uani, chini ya chandarua, na kunitazama.

Sababu ya yote haya ni Akmaral, binti yetu wa pekee. Anaolewa. Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi, tarehe 3 Julai. Alipokuwa na miaka kumi na tano nilimwahidi cherehani yake mwenyewe, na mpaka leo anashona kwa cherehani ya shule, kwa zamu. Sitaki aondoke kwetu na ahadi yangu badala ya cherehani. Mashine zilikuwa ziniletee hiyo. Hadi sasa zimelipia umeme wake tu, na feni ya kuzipoza.

Ila leo habari njema! China wanazima mashine. Maelfu kwa maelfu, mkoa baada ya mkoa. Nikajisemea wenzangu wakipungua fungu langu litaongezeka. Nimefungua simu mara thelathini tangu asubuhi. Fungu ni lilelile.

Jumapili, 20 Juni

Raushan amevunja sheria yake mwenyewe. Hakuweza kuvumilia kuniona nikitikisa simu.

Alichora nyuma ya rejista. Kikongwe anarusha peremende kwenye sherehe, kama mama mkwe anavyorusha kwa desturi yetu, na watoto wanagombania. Mfuko wake ni mmoja, na anataka peremende moja iokotwe kila dakika kumi, basi, isizidi wala isipungue. Watoto wakiwa wengi na wepesi, wanaokota upesi, naye anarusha mbali zaidi, kwenye majani marefu. Watoto wakipungua, anarusha karibu. Mashine zote duniani ndio hao watoto, zinabahatisha tu nani ataokota kwanza. Kurusha mbali ndio ugumu wenyewe.

Nikamwambia basi China wamekwenda nyumbani, mbona kikongwe harushi karibu?

Akasema kwa sababu habadilishi mkono kila peremende. Anahesabu kwanza elfu mbili na kumi na sita, ndipo anatazama saa na kujiuliza zimechukua muda gani. Mambo yakienda sawasawa ni wiki mbili. Mara ya mwisho alitazama saa tarehe 14. Mpaka atazame tena, aliyekwenda nyumbani hakuniongezea kitu. Akishatazama, sisi tuliobaki tutaneemeka.

Nikahesabu kwa vidole. Tarehe 28! Siku tano kabla ya sherehe. Nikambusu Raushan kwenye paji la uso. Akafuta wino wangu usoni mwake na kurudi kusahihisha mitihani.

Nashukuru kwa kuoa mwalimu. Nashukuru China pia, kwa heshima zote.

Jumanne, 22 Juni

Wazo. Kama watoto wakipungua ni neema kwa waliobaki, kwa nini tungoje China peke yake? Jirani yetu Zeinolla ana mashine tisa kwenye kontena, na laini yake mwenyewe ya umeme kutoka barabara kuu. Tisa! Fundi chuma mstaafu, mgane, hana anayemkataza kitu.

Nikachota bakuli la jibini laini kwenye ndoo ya mama mkwe (juu nikalisawazisha kwa kijiko, hataona) na kwenda kwake. Nikamwambia kwamba kelele za feni, wanasema madaktari, huudhoofisha moyo wa mtu aliyepita miaka sitini. Azizime walau wiki mbili, apumzike.

Alinisikiliza vizuri. Akanimiminia chai ya maziwa. Akasema tangu mkewe Kulyash afariki, kelele zile ndizo zinazomfanya aone kuna mtu mwingine nyumbani. Nikaona aibu. Ilidumu kikombe kizima.

Ndipo nikaona kitu pembeni, kimefunikwa kitambaa cha maua. Mguu wa chuma chini, gurudumu. Cherehani ya marehemu! Miaka minne haijaguswa. Sikuuliza. Mtu haombi kitu cha marehemu kama anaomba chumvi.

Nyumbani nikamweleza Raushan mpango wa kumzima Zeinolla. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Alisema duniani kuna mamilioni ya mashine, na mimi nataka kumfanya ngamia kipara kwa kumnyoa nywele tisa.

Bakuli nimerudisha. Mama mkwe aliniuliza kama panya wa mwaka huu wanajua kusawazisha jibini kwa kijiko. Nashukuru hakuuliza zaidi.

Ijumaa, 25 Juni

Balaa. Tarehe 28 inakimbia.

Juzi simu ilisema tarehe 29. Jana, tarehe 1 Julai. Leo tarehe 2. Kila ninapoisogelea inasogea. Nikadhani simu imeharibika, nikaizima na kuiwasha. Tarehe 2 na nusu.

Raushan alieleza akiwa amesimama, bila kuchora, maana amechoka nami. Watoto wamepungua, sivyo? Na kikongwe bado anarusha mbali. Basi peremende haziokotwi kila dakika kumi tena, ni kumi na tano, pengine ishirini. Na yeye lazima afikishe zilezile elfu mbili na kumi na sita. Kadiri wengi wanavyozima, ndivyo neema inavyokuwa kubwa, na ndivyo inavyochelewa.

Yaani kitu kilekile kinacholeta ndicho kinachozuia. Nani alibuni hiki?

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Ikiwa ni hivyo, wote wanatakiwa wawashe mpaka hesabu iishe, halafu wazime. Nikarudi kwa Zeinolla mbio. Nikamsihi asizime kabisa. Awashe zote tisa, na ile ya kumi mbovu aigongegonge.

Aliniweka kivulini kwanza, akadhani ni jua. Kisha akasema, "Bwana mdogo, Jumanne ulinijia na moyo. Leo ni nini, figo?"

Nikasema madaktari wamebadili mawazo. Akanipa chai tena. Nashukuru kwa chai. Ni mtu mwema kwa mtu mwenye mashine tisa.

Jumatatu, 28 Juni

Hii ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Hakuna kitu. Simu inasema Jumamosi.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko la nje na mti wa kusukumia unga. Hakuuinua. Aliushika tu. Akasema, "Mkwe wangu, watu mia mbili wanakuja kumuaga mjukuu wangu. Nitakaanga maandazi ya sherehe humu ndani, kama nilivyomkaangia mama yake. Ijumaa asubuhi nakuta jiko langu, au nakuta wewe na virago vyako nje ya geti?"

Nikasema jiko. Nilitaka kuomba mpaka Jumamosi mchana, lakini mti ulikuwa karibu.

Akamwita fundi Genrikh aangalie waya. Genrikh ni mzee mwenye mikono mikubwa, umeme wa mtaa huu ameufunga yeye tangu enzi za mashamba na karakana za serikali. Aliushika waya, akasema una joto la mkate uliotoka tanuri. Unaweza kubeba jiko la mama au mashine zangu. Si vyote. Na yeye na transfoma ya mtaa, alisema, wana umri mmoja, na wote wawili wameanza kunguruma wakibebeshwa mzigo.

Nilimshukuru sana. Nikamwahidi kwamba waya utabeba jiko tu. Nilipeana naye mkono nikimtazama machoni.

Akmaral alikuwa ameketi kizingitini anaweka pindo kwa mkono kwenye nguo ya sherehe, ile cherehani ya shule ikiwa kwenye zamu ya mtu mwingine. Aliniambia baba usihangaike, sindano inatosha. Alisema kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 30 Juni

Nimepata! Nimepata, nimepata.

Simu sasa inasema Jumamosi, saa sita na nusu mchana. Yaani katikati ya sherehe. Kwanza nilikaribia kulia: neema ikija mchana huo haitapata muda wa kununua hata kidonge cha uzi kabla Akmaral hajaondoka jioni. Halafu nikamkumbuka Zeinolla, na kile kitambaa cha maua.

Desturi yetu inajulikana. Anayeleta habari njema hupiga kelele "suyinshi!" kabla hajasema habari yenyewe, na anayeletewa hujibu mbele ya watu, "Chukua unachotaka." Hakuna anayejibu vingine. Kukataa baada ya hapo ni kujifuta kijijini. Kwa kawaida watu huchukua skafu, pipi, au kondoo wakiwa na uso mkavu.

Basi. Jumamosi Zeinolla atakuwa hapa, miongoni mwa wageni, na kofia yake ya velveti. Mashine zake tisa ziko mbali naye. Saa sita na nusu ugumu unashuka. Mimi naona kwanza, nina simu mkononi. Nakwenda mbele ya watu mia mbili: suyinshi! Naye: chukua unachotaka. Nami, kwa unyenyekevu, macho chini: cherehani ya marehemu Kulyash, kwa ajili ya binti yangu. Watu watalia. Yeye mwenyewe atalia. Hata si kuomba, ni desturi!

Sharti moja tu. Mashine zangu zisizimike wakati huo. Zimehangaika na ugumu wiki nzima, nitazizimaje kwenye saa ya wepesi? Mtu hafungui duka mwezi mzima wa njaa akalifunga siku ya soko.

Namshukuru aliyebuni desturi hii.

Ijumaa, 2 Julai

Jiko nimelikabidhi saa mbili asubuhi. Nimelifagia. Mama mkwe alizunguka ndani akigusa kuta kama mtu aliyerudi kutoka safari, kisha akaniita mwanangu. Mara ya kwanza tangu harusi yangu! Nilitoka nje upesi.

Nilitoka upesi kwa sababu mbili. Ya pili ni kwamba mashine ziko kwenye banda la kuku. Nimepitisha waya chini ya majani ya kulalia, kupitia tundu la panya, mpaka kwenye swichi ileile ya jiko. Kazi nimefanya mwenyewe, Genrikh asisumbuliwe. Wakati wa kukaanga nitazima moja. Labda mbili, kama hali itakuwa mbaya.

Kuku hawajataga leo. Wamekaa mstari mmoja mbele ya feni, manyoya yamesimama. Nadhani wanafurahi.

Jumamosi, 3 Julai. Siku yenyewe

Naandika jioni, mikono inanuka moshi. Niandike kwa utaratibu.

Saa nne wakwe wakafika kutoka Pavlodar, magari sita. Watu wazuri. Baba wa bwana harusi ana masharubu na sauti ya kutangazia mbio za farasi. Tukakumbatiana. Nikamwonyesha farasi aliyekwisha kuwa nyama. Akasifu.

Saa sita mama mkwe akawasha jiko la umeme. Sahani zote nne. Mafriji mawili ya kuazima yakinguruma, spika za muziki uani, na kwenye banda, tatu zangu. Sikuzima hata moja. Nilikuwa natazama simu. Zilibaki peremende tatu.

Zikabaki mbili.

Transfoma ilipasuka kama mlango uliogongwa na upepo. Kisha kimya. Muziki ukakatika katikati ya neno. Mtaa mzima! Hata mnara wa simu ukafa, ukaniacha na alama ya duara inayozunguka. Na katika kimya hicho feni zangu za kwenye banda, ambazo watu walikuwa hawazisikii kwa sababu ya muziki, zilipunguza mwendo taratibu, wiii, mpaka zikanyamaza. Watu mia mbili wakageuka kutazama banda. Kuku wakatoka mmoja mmoja, polepole, kwa heshima zao.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko. Mafuta yamepoa, maandazi yamevimba nusu, mabichi ndani. Alilitazama banda, akanitazama mimi, akaketi kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa wa mtu mzee kabisa. Akmaral akaenda kumpigia magoti, na nguo ile ya sherehe. Wakwe wakatazama viatu vyao. Nilitamani ardhi ya Tasbulak ifunguke, na kwa jinsi ninavyoijua, haina haja nami.

Ndipo nikaona jambo nitakalolishukuru mpaka nife. Hakuna aliyeitwa. Mama wa nyumba ya tatu akatoka na sufuria yake kubwa ya chuma, wawili wameishika masikio. Akaja mwingine na yake. Wanaume wakaleta mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto, kwenye magunia. Genrikh, badala ya kunipiga, akachimba mashimo ya moto barabarani na koleo langu mwenyewe. Katika nusu saa sufuria saba zinachemka katikati ya mtaa, mama mkwe anakwenda kutoka moja hadi nyingine akiamrisha kama jenerali, mikono ya nguo imepandishwa, rangi imemrudi. Kila nyumba ilikuwa bila umeme kwa sababu yangu, na kila nyumba ilileta sufuria.

Nami nikabaki na simu inayozunguka. Saa saba kasoro. Sijui kama imeshuka.

Na Zeinolla hayupo! Nikatazama huku na huku. Kofia ya velveti hakuna. Halafu nikamwona, anakuja kutoka upande wa kontena lake. Anakimbia. Miaka sitini na tatu, anakimbia, kofia mkononi. Laini yake ya umeme, nimekwisha andika, inatoka barabara kuu. Kwake kila kitu kinawaka.

"Suyinshi! Temirgali, suyinshi!"

Mbele ya watu mia mbili. Mbele ya wakwe na masharubu yao. Mdomo wangu ukajibu peke yake, kama unavyojibu salamu:

"Chukua unachotaka."

Akapumua kwanza, mkono kifuani. (Moyo. Nilimwambia.) Kisha akatangaza kwamba hesabu imeisha, ugumu umeshuka ishirini na nane kwa mia, haijawahi kushuka hivyo. Aliyekuwa akiokota saba sasa ataokota karibu kumi. Watu hawakuelewa hata neno, lakini habari njema ni habari njema, wakapiga makofi.

Halafu akatazama huku na huku, akijikuna kidevu. "Nichukue nini sasa? Kondoo ninao." Akatabasamu. "Nichukue zile mashine tatu za kwa kuku. Kuku wapumzike."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaacha maandazi yaungue. Baba mkwe wa Akmaral alinipiga mgongoni na kutangaza kwa ile sauti yake kwamba anafurahi mwanawe kuoa kwa mtu ambaye neno lake ni neno. Nikainama. Nilisema asante. Sijui nilimshukuru nani.

Saa nane Zeinolla akaja na mkokoteni kuchukua mashine. Mkokoteni haukuwa mtupu. Juu yake, na kitambaa chake cha maua, ile cherehani.

Aliisimamisha mbele ya Akmaral. Alisema Kulyash kabla hajafa aliagiza iende kwa msichana wa kwanza wa mtaa huu atakayeolewa akiwa na sugu ya sindano kidoleni. "Nionyeshe kidole, mwanangu." Akmaral akamwonyesha. Zeinolla akakitazama kidole kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akafunua kitambaa, akasema imetiwa mafuta, yeye huitia mafuta kila mwezi.

Ni ya kukanyaga kwa mguu. Haihitaji umeme wa mtu. Akmaral aliketi papo hapo uani, mtaa mzima hauna hata taa moja, akamaliza lile pindo la mkono kwa dakika tano, huku bibi yake akiligusa gurudumu.

Nilimuuliza Raushan kama alijua. Alijua tangu Mei. Zeinolla alimwomba ruhusa kwanza. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilikuwa na mipango mingi, hakutaka kunikatiza.

Saa kumi na moja wakwe wakaondoka na Akmaral. Mama mkwe alirusha peremende, akarusha mbali, mbali sana kwa mwanamke wa miaka sabini na nne, na watoto wote wakakimbilia kwenye majani. Moja ikanigonga kofia na kuangukia mkononi. Sikugombania hata. Nimeibandika hapa pembeni mwa ukurasa.

Bibi harusi huambiwa asitazame nyuma. Akmaral alitazama nyuma. Nilimwona, na nililia mbele ya kila mtu, na Zeinolla akanishika bega.

Jumapili, 4 Julai

Genrikh anasema transfoma nyingine italetwa kesho. Leo nimezunguka nyumba zote kumi na nane za mtaa kuomba radhi. Kila nyumba imenipa chai. Nyumba ya tatu walisema maandazi ya moto wa mavi ni matamu kuliko ya umeme, na sherehe kama ile haijapata kuonekana Tasbulak. Vikombe kumi na nane. Nashukuru, lakini tumbo limejaa.

Mama mkwe ameniacha niishi. Ameniita kitoto cha mbwa, lakini kwa sauti ya chini, karibu ya mapenzi.

Naandika hapa ili niwe na ushahidi: nimemaliza na mashine. Binti yangu ana cherehani. Jiko lina mwenyewe. Nina jirani ambaye sikustahili. Nilikuwa na kila kitu tangu Mei, nami nikawa nakizunguka na waya mkononi. Mambo ya kuchimba, basi.

Jumapili, 18 Julai

Asubuhi ilikuwa nzuri! Naandika upesi.

Si kwamba nilikuwa nafuatilia. Niliangalia tu, mara moja moja, kujua kikongwe anaendeleaje. Na leo alfajiri kaangalia saa yake tena, kashusha ugumu tena. Karibu tano kwa mia. Si kubwa, lakini ni njema!

Nikatoka na ng'ombe wetu. Asubuhi mtaa mzima huwa mwisho wa barabara kumkabidhi mchungaji ng'ombe wao, na Zeinolla alikuwepo, na ndama wake, na kandambili. Hakuwa na simu. Nilihakikisha.

"Suyinshi, kaka Zeinolla!"

Mtaa mzima ulimgeukia. Akanitazama. Akaanza kucheka kabla hajajibu, lakini alijibu: chukua unachotaka. Nikasema zangu tatu. Akasema nizichukue leo hii, zina kelele za ajabu, na moja inanuka kuku. Kisha akaniambia polepole, akimpapasa ndama, kwamba tarehe 31 kikongwe atatazama saa tena, na kila mtu ana siku yake ya suyinshi.

Raushan anasema tarehe 31 haitakuwa njema. China walipakia mashine kwenye malori, zinafunguliwa sehemu nyingine duniani, nyingine hapahapa kwetu. Watoto wanarudi, kikongwe atarusha mbali. Nikamwambia habari mbaya haina suyinshi, kwa hiyo sina hofu. Alifunga macho kidogo.

Mama mkwe amekwenda kwa dada yake Pavlodar, siku kumi, kumwona Akmaral pia. Namshukuru kwa kusafiri. Jiko la nje ni safi, lina ubaridi, waya ni uleule, na transfoma ni mpya kabisa.

Na jana ilifika zawadi kwa basi: kitu cha kwanza alichoshona Akmaral nyumbani kwake kwa ile cherehani. Pazia la dirisha la jiko la bibi yake. Kitambaa kizito cha buluu, mishono imenyooka kama mistari ya rejista hii. Nilikishika nikakaa nacho kizingitini kitambo. Binti yangu. Mikono yake.

Nimelitundika mwenyewe mchana huu. Nikatoka nje kulitazama kutoka uani, kutoka getini, kutoka kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe. Kazi nzuri mno. Ukiwa nje huoni ndani hata kidogo.